Nambari ya Kwale ina vigawo 24

Ukivuka Likoni kwa feri ukashika njia ya Diani hadi Msambweni, umo katika Kaunti ya Kwale. Usiku wa Agosti 24 kuamkia 25, mwaka wa 2019, watu wa huko walihesabiwa, ikapatikana idadi ya 866,820. Idadi ya watu ni mojawapo ya vipimo vya kugawia kaunti fedha za serikali, kwa hivyo si jambo la mchezo. Lakini leo, msomaji, chukua kalamu na karatasi tuichambue kama mvuvi apangavyo samaki mafungu mafungu.

Inaishia kwa sufuri, basi ni shufwa na inagawanyika kwa 2, 5 na 10. Tarakimu mbili za mwisho, 20, zinagawanyika kwa 4. Nambari nzima pia. Jumlisha tarakimu zote: 8+6+6+8+2+0 ni 30. Thelathini hugawanyika kwa 3 lakini si kwa 9, na 866,820 hufuata mkondo uo huo. Gawanya kwa 4, kisha kwa 3, kisha kwa 5. Utabakiwa na 14,447.

Hapo ndipo penye kazi. Je, 14,447 ni nambari tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe? Usiogope. 121 mara 121 ni 14,641, imeshapita. Kwa hivyo yatosha kujaribu nambari tasa zilizo chini ya 121, nazo ni 30 tu. Mwanafunzi mvumilivu atazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Zote huacha baki. Ni tasa.

Basi 866,820 ni 2×2×3×5×14,447, na vigawo vyake ni 24. Wayunani wa kale walijumlisha vigawo vya nambari pasipo yenyewe. Jumla ikilingana, nambari ni kamilifu, mathalani 6, ambayo ni 1+2+3. Ikizidi, ni tele. Ikipungukiwa, ni pungufu. Vya Kwale hufika 1,560,444. Tele kwelikweli!

Linganisha na sensa ya 2009: watu 649,931. Hii ni witiri, tena kaidi. Ni 347×1,873, basi. Vigawo vyake pasipo yenyewe vikijumlishwa ni 2,221 tu.

Turudi 2019. Wanaume walikuwa 425,121 na wanawake 441,681. Wengi huishia hapo. Jumla hiyo ni 866,802, nayo haigawanyiki kwa 4 wala kwa 5. Waliosahaulika ni watu 18 wa jinsia mbili, ambao Kenya iliwahesabu peke yao kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Na tuseme mtoto mmoja zaidi angezaliwa Msambweni kabla ya saa sita ya usiku ule, akahesabiwa. Ingekuwa 866,821. Mbili, tatu na tano zote zingekataa, lakini 47 ingeingia bila baki, na 47 ndiyo idadi ya kaunti za Kenya. Gawanya uone.