Anayechota kwa Ndoo Hulipa Zaidi

Mvua ikikata Singida mwishoni mwa Aprili, kwa kawaida hairudi mpaka Novemba au Desemba. Maziwa ya Singidani na Kindai yapo pale pale mjini, lakini maji yake ni ya chumvi. Kwa hiyo mkoa huu wenye watu zaidi ya milioni 2 hutegemea sana visima virefu vilivyochimbwa kwenye mwamba wa itale. Pampu ikizima, huduma imezima.

Tuanze na bei. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 50 kwenye kilula, bomba la umma, uniti inafika shilingi 2,500. Aliyevuta bomba nyumbani husomewa mita na mara nyingi hulipa chini ya hapo. Jirani asiye na fedha za kuunganishiwa hupanga foleni, hubeba ndoo kichwani, na bado hulipa zaidi. Akiletewa na mwenye baiskeli au mkokoteni wa punda, bei inapanda tena.

Haikukusudiwa iwe hivi. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji ya bure karibu na kila kaya kijijini. Fedha za dizeli na vipuri hazikutosha, na sera ya maji ya 1991 ikaleta uchangiaji wa gharama. Sera ya 2002 ikaweka kipimo: kituo kimoja kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400. Lakini mwaka 2009 shirika la WaterAid lilieleza kwamba karibu nusu ya vituo vya maji vijijini nchini havikuwa vikifanya kazi, na robo ya vile vya miaka miwili tu vilikuwa vimeshakufa.

RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilipoundwa mwaka 2019, uendeshaji wa miradi uliachwa kwa vyombo vya watumiaji maji vya jamii. Vyombo hivi huishi kwa mauzo ya maji. Kaya maskini zikishindwa bei, hurudi kufukua mchanga makorongoni. Mauzo hushuka, ila fundi na vipuri havipungui bei. Siku pampu inapoungua, akiba haipo, na hata waliokuwa wakilipa bila shida hukosa maji. Ndiyo maana kumsahau maskini ni kosa la kiufundi pia.

Kwenye vyoo hali ni ngumu zaidi. Mji wa Singida umejaa majabali, na kuchimba shimo refu ni gharama kubwa. Mwenye uwezo hujenga tangi na kuita gari la kunyonya maji taka. Wa mtaa uliobanana hubaki na shimo fupi linalojaa upesi, na gari halifiki mlangoni. Mvua kubwa ikinyesha, uchafu hutiririka kuelekea visima vifupi vya jirani.

Njia zipo. Vijijini, mkutano wa kijiji unaweza kuwataja wazee wasiojiweza na kukubaliana nani awalipie. Mjini, bei za mamlaka ya maji hupitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji: hapo ndipo pa kudai bei ya kilula isizidi ya mwenye bomba, na gharama ya kuunganishwa ilipwe kidogo kidogo kwenye ankara ya mwezi.