Si Kila Kitu cha Mti ni Salama

Mara nyingi husikia watu wakisema, "Dawa hii ni ya miti, haina madhara." Je, maneno hayo ni kweli? Hebu tuutazame mti mmoja wa nchi za baridi. Mti huo huitwa mepo. Jani lake limo katika bendera ya Kanada tangu mwaka 1965.

Shira ya mepo

Mwishoni mwa majira ya baridi, wakulima wa Kanada hutoboa shina la mepo. Maji ya mti hutoka matone matone. Huyakinga, kisha huyachemsha mpaka yawe shira nzito na tamu. Lita 40 hivi za maji hayo hutoa lita 1 tu ya shira. Wenyeji wa asili wa huko waliijua kazi hii kabla ya Wazungu kufika.

Kinga iliyomo katika majani

Kata ndizi mbichi, uiache. Baada ya muda huwa nyeusi. Jambo hili huletwa na oksijeni iliyomo hewani. Ukiipaka maji ya ndimu, haigeuki upesi. Vitu vinavyozuia kazi hiyo ya oksijeni huitwa antioksidanti. Oksijeni huweza kudhuru hata ndani ya miili yetu, na antioksidanti husaidia kuukinga mwili.

Majani na magome ya mepo yana antioksidanti nyingi. Moja ni asidi ya galiki, ambayo imo pia katika chai. Kwa hiyo watu wameyakamua majani hayo na kuyapima katika maabara. Lakini kumbuka: chupa ya maabara si mwili wa mtu. Kitu kinachofanya kazi vizuri katika chupa huenda kisimponye mgonjwa.

Majani yanayoua farasi

Iko mepo nyekundu. Farasi akila majani yake yaliyonyauka, chembe nyekundu za damu yake huharibika. Huishiwa nguvu, mkojo wake huwa mweusi, na mara nyingi hufa. Wataalamu wameona kwamba vijidudu vya tumboni mwa farasi huweza kuigeuza asidi ya galiki kuwa sumu. Kumbe kile kile kinachosifiwa katika chupa huweza kuleta kifo tumboni!

Iko na mepo nyingine ya Ulaya. Mbegu zake na miche yake ina sumu iitwayo hipoglisini. Sumu hiyo huharibu misuli ya farasi. Sumu hiyo hiyo imo katika tunda la aki la Jamaika likiwa bichi, nayo imeua watu. Likiiva na kupasuka lenyewe juu ya mti, watu hupika nyama yake na kuila.

Tujifunze nini?

Wewe unalijua jambo hili tayari. Muhogo mchungu ni chakula, lakini usipoutengeneza sawasawa utakudhuru. Dawa za miti ni vivyo hivyo. Kabla ya kunywa, uliza:

1. Huu ni mti gani hasa?
2. Ni sehemu gani: jani, gome, mzizi au mbegu?
3. Imetengenezwaje, na kipimo chake ni kiasi gani?
4. Je, inamfaa mtoto mdogo au mama mjamzito?

Ukienda zahanati, mwambie mganga dawa zote za miti ulizokunywa. Usione haya. Dawa mbili zikikutana mwilini huweza kukudhuru, naye hawezi kukusaidia vema asipojua.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini ndizi iliyokatwa huwa nyeusi?
2. Majani ya mepo nyekundu humdhuru farasi kwa njia gani?
3. Taja mmea wa kijijini kwenu ulio chakula, lakini ukitumiwa vibaya huwa sumu. Ninyi huutengenezaje?