Je, Wajua? Sauti Inapoikimbia Picha

Je, wajua kwamba sikio husamehe sauti iliyochelewa, lakini sauti iliyowahi hulikera papo hapo? Mwaka 1998 Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, lilivipa vituo vya televisheni vipimo vyake: mtazamaji huanza kugutuka sauti inapoitangulia picha kwa milisekunde 45, ilhali ikiwa nyuma yaweza kufika milisekunde 125 kabla hajaona kasoro. Tumezoea hivyo tangu utotoni. Mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, shoka huonekana limeshazama kwenye gogo ndipo mlio utufikie, kwa kuwa sauti hewani huenda kama mita 343 tu kwa sekunde. Mlio kulitangulia shoka, hakuna aliyewahi kuusikia. Kwa hiyo ukihariri video ya mahafali ya mwanao na huna uhakika, bora sauti ichelewe kidogo. Usiiwahishe hata kwa fremu mbili.

Fremu mbili ni nyingi kuliko zinavyosikika. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, kiwango tulichorithi kwenye televisheni za PAL, fremu moja hudumu milisekunde 40, na katika muda huo sauti husafiri karibu mita 14. Weka kamera mwisho wa bustani ya harusi, mita 28 kutoka meza kuu, spika zikiwa zimezimwa: nasaha za baba wa bibi harusi zitaingia kwenye maikrofoni ya kamera zikiwa zimeshachelewa fremu mbili, na hakuna aliyekosea kitu.

Hapo pana mtego ambao hata wanaohariri kwa malipo huuangukia. Kinasa sauti kidogo kilichotiwa kwenye mfuko wa koti la mzee kimeipata sauti yake bila kuchelewa. Lakini kile kitufe cha kuoanisha klipu hakitazami midomo. Hulinganisha mawimbi ya sauti mbili na kuyalaza pamoja, basi. Matokeo yake, sauti safi ya mfukoni inavutwa nyuma ili ifuatane na ile ya kamera, pamoja na ucheleweshaji wake wote. Programu ikishamaliza, kuza picha na utafute herufi ambazo midomo lazima ifumbe: b, p, m. Mzee akisema "baba" au "mama" inatosha. Iwahishe sauti fremu moja moja mpaka mfumbo wa midomo na mlio vikutane.

Umewahi kuona video inayoanza vizuri, kisha kufikia kukata keki maneno na midomo vimeachana? Usianze kuilaumu kompyuta. Kila kifaa kina saa yake ndani, kipande cha fuwele kinachotetema, na hakuna fuwele mbili zinazotetema sawasawa kabisa. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni moja haimsumbui mvaa saa ya mkononi, lakini katika kurekodi kwa saa nzima inazaa milisekunde 180, yaani fremu nne na nusu. Dawa ni kupiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni. Kila kofi huacha mchomo mrefu kwenye mstari wa sauti, nayo picha ina fremu ambayo viganja vimekutana. Ukiwa na alama mbili unajua sauti inyooshwe au ibanwe kiasi gani. Ukiwa na moja unabahatisha. Kofi la mwisho ndilo husahaulika. Kwenye seti za filamu, ubao wa kugonga usipowahi kugongwa mwanzoni hugongwa mwishoni, ukiwa umeshikwa juu chini, ili mhariri atambue kwamba alama hiyo ni ya mkiani.

Simu zina vituko vyake. Mwanga ukififia, simu nyingi hupunguza idadi ya fremu ili kila moja ipate mwanga wa kutosha, kwa hiyo klipu inayoitwa ya fremu 30 yaweza kuwa 30 uani na 24 sebuleni. Programu inayodhani fremu hazibadiliki itaichanganya. Ipitishe klipu kwanza kwenye programu ya bure kama HandBrake, uchague fremu zisizobadilika, ndipo uanze kukata.

Na ndugu aliyeko Marekani akikutumia klipu, itazame namba yake vizuri: mara nyingi si 30, ni 29.97. Mwaka 1953, Marekani ilipopitisha mfumo wake wa televisheni ya rangi, wahandisi walitaka kuzuia mawimbi ya rangi yasigongane na ya sauti na kuchafua picha. Wakapunguza kasi ya picha kwa karibu sehemu moja katika elfu. Ukiihesabu klipu ya 29.97 kama 30, kila saa inakuachia pengo la sekunde 3.6.

Sauti nayo ina namba zake: muziki wa CD huwa na sampuli 44,100 kila sekunde, video hutumia 48,000. Hiyo namba ya kwanza imetoka kwenye mikanda ya video, ambako sauti za kidijitali za mwanzo zilihifadhiwa kwa sampuli 3 katika kila mstari wa picha: 3 × mistari 294 × nusu-picha 50 kwa sekunde ni 44,100, na kwa mashine za Marekani 3 × 245 × 60 ni hiyo hiyo. Programu ikizichanganya namba hizo mbili bila kuzibadilisha, wimbo wa dakika 4 utakwisha kwa dakika 3 na sekunde 40, na mwimbaji atakuwa na sauti ya kitoto.

Wanaolalamikia kompyuta wangeiona filamu ya Super 8. Mwaka 1973 Kodak iliitia filamu hiyo ya nyumbani utepe mwembamba wa sauti pembeni. Shida ni kwamba picha lazima isimame kidogo mbele ya lenzi, fremu baada ya fremu, ilhali sauti inataka filamu ipite bila kusitasita. Kichwa cha kusomea sauti kikawekwa mbali na lenzi, na sauti ya kila fremu ikakaa fremu 18 mbele yake. Kwa kasi ya fremu 18 kwa sekunde, hiyo ni sekunde nzima. Baba wa familia akishika mkasi na kukata pale picha ya bibi inapoishia, kisha akaunga picha ya watoto ufukweni, kwa sekunde ya kwanza watoto wanaonekana wakicheza huku bibi anaendelea kuongea maneno ambayo picha yake imeshatupwa. Wajanja waliacha sekunde ya ukimya kabla ya kila tukio. Wengine walizoea tu.

Wapo pia wasiojali midomo kabisa. Mashabiki wa DJ Afro wa Kenya, wa VJ Jingo wa Uganda na wa marehemu Lufufu wa Tanzania hupenda filamu ambazo mtu mmoja anamsemea kila mhusika, na sijasikia hata mmoja akidai hela yake kwa sababu ya milisekunde.

Vipokea sauti vya Bluetooth navyo huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100. Ukitazama filamu hugundui, kwa sababu kifaa huichelewesha picha vilevile. Programu ya kuhariri si lazima ifanye hivyo. Mtu anaiwahisha sauti mpaka inakaa vizuri masikioni mwake, anaitupia kwenye kundi la familia, na wengine wote wanaona maneno yakitoka kabla kinywa hakijafunguka. Siku ya kuhariri, chomeka vya waya.