Breki ya Seli T

Seli T, askari wa kinga ya mwili, haishambulii kwa amri moja. Kwanza huitambua alama ya adui. Kisha hungoja ishara ya pili, inayopokewa na protini iitwayo CD28. Ikishaamka, hutoa protini nyingine, CTLA-4, inayoizuia kama breki ili isiudhuru mwili wenyewe.

Mwaka 1996, mtafiti James Allison na wenzake huko Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba kingamwili inayoizuia CTLA-4 iliwawezesha panya kuangamiza uvimbe wa saratani. Mwaka 2011 dawa ya ipilimumab, iliyotokana na ugunduzi huo, iliidhinishwa Marekani kutibu melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Allison alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2018, pamoja na Tasuku Honjo wa Japani.

Hata hivyo, breki ikiachiwa, kinga yaweza kushambulia utumbo, ngozi au ini. Mgonjwa aliyepewa dawa hii akianza kuharisha, amwarifu daktari bila kuchelewa. Nawe mhudumu wa afya, usiharakishe kudhani kuwa ni kuhara kwa kawaida: uliza kwanza dawa alizotumia, hata zile alizomaliza miezi iliyopita.