RINGI MPYA KWA PIKIPIKI YA ZAMANI: PIMA SILINDA KWANZA

Pikipiki za mipigo miwili ni zile zinazotumia petroli pamoja na oili ndani ya injini. Watu wengi huziita pikipiki za kuchanganya. Katika miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa nyingi. Mabwana shamba na watu wa afya walizitumia kufika vijijini. Baadhi ya aina zake ni Yamaha DT125, Yamaha AG100 na Suzuki A100.

Siku hizi bodaboda nyingi ni za mipigo minne, kutoka China na India. Kwa hiyo spea za pikipiki za zamani zimekuwa adimu. Mtu wa Kilwa Kivinje au Mchinga mwenye pikipiki ya kuchanganya anaweza kuhangaika wiki nyingi akitafuta ringi. Akizipata, anafurahi na kuzifunga siku ile ile. Baada ya mwezi mmoja pikipiki imerudi kuwa dhaifu. Pengine ringi imevunjika na kukwaruza silinda nzima. Fedha imepotea. Samaki walioahidiwa kufika Nangurukuru asubuhi hawafiki.

Mara nyingi kosa si la ringi. Kosa ni kufunga ringi mpya ndani ya silinda iliyolika. Ringi mpya haiwezi kuponya silinda mbovu.

RINGI HUFANYA KAZI GANI?

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda maelfu ya mara kila dakika. Kati ya pistoni na ukuta wa silinda kuna nafasi ndogo sana. Ringi huziba nafasi hiyo ili nguvu ya moto isivuje. Pia huchukua joto kutoka kwenye pistoni na kulipeleka kwenye ukuta wa silinda.

Injini ya mipigo miwili ina jambo lake la pekee. Ukuta wa silinda yake una matundu makubwa. Mengine huingiza petroli na hewa, na jingine hutoa moshi. Kama ringi ingezunguka ovyo, ncha zake zingenasa kwenye tundu na kuvunjika. Kwa hiyo katika kila mfereji wa pistoni kuna kijipini. Ncha mbili za ringi hukaa hapo, nayo haizunguki. Kumbuka kijipini hicho. Tutakirudia.

DALILI ZA RINGI ZILIZOKWISHA

Ukipiga kiki, mguu unashuka kwa urahisi bila kuhisi ukinzani. Injini inachelewa kuwaka. Pikipiki inashindwa kupanda mlima hata kwa mzigo mdogo. Ukifungua silinda, unakuta pistoni imekuwa nyeusi chini ya ringi, kwa sababu moto umepita hapo.

Usihukumu kwa moshi peke yake. Injini hii huchoma oili, kwa hiyo ni kawaida yake kutoa moshi kidogo. Moshi ukizidi, pengine oili ya gia inavuja na kuingia kwenye injini, au umezidisha oili katika petroli.

KWA NINI RINGI HULIKA?

Adui wa kwanza ni mchanga. Njia nyingi za vijiji vya pwani ni za mchanga na vumbi. Chujio la hewa likiwa limechanika, au mtu akiliondoa ili pikipiki "ipumue", mchanga huingia moja kwa moja kwenye silinda. Humo husaga kama msasa.

Adui wa pili ni oili pungufu au oili isiyofaa. Adui wa tatu ni kutu. Pikipiki ikilala miezi mingi karibu na bahari, unyevu wa chumvi huweza kuingia ndani na kuleta kutu kwenye ukuta wa silinda.

JINSI YA KUPIMA

Kuna njia rahisi ya kupima. Inahitaji ringi moja na vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kila kibati kimeandikwa unene wake. Mafundi wengi wanavyo.

Ingiza ringi ndani ya silinda, sehemu ya chini kabisa, chini ya matundu. Hapo ringi hazifiki wakati injini inafanya kazi, kwa hiyo ukuta haujalika sana. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, isiende upande. Pima pengo kati ya ncha mbili za ringi. Andika namba hiyo.

Kisha weka ringi ile ile upande wa juu, juu ya matundu, mahali ambapo ringi hupita. Pima tena. Andika.

Tuchukue mfano. Chini pengo ni milimita 0.30. Juu ni milimita 0.60. Tofauti ni milimita 0.30. Gawanya kwa 3. Jibu ni 0.10. Maana yake ni kwamba silinda imepanuka juu kwa karibu milimita 0.10. Hiyo imelika mno. Inahitaji kuchongwa.

Kwa pikipiki nyingi ndogo, silinda ikipanuka zaidi ya milimita 0.05 ringi mpya hazitadumu. Kwa hiyo tofauti ya mapengo mawili isizidi milimita 0.15.

Kipimo hiki hakionyeshi kila kitu. Hakionyeshi kama pistoni yenyewe imelika, wala kama silinda imekuwa ya yai. Pia tazama ukuta kwa macho na upapase kwa ukucha. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, usinunue ringi kwanza. Peleka silinda na pistoni kwa fundi mwenye vipimo kamili.

KUTAFUTA RINGI

Kabla ya kuagiza, jua namba tatu.

Namba ya kwanza ni upana wa silinda. Silinda ya DT125 ina milimita 56. AG100 ina milimita 52. Suzuki A100 ina milimita 50. Hivyo ni vipimo vya silinda mpya. Silinda ikichongwa huongezwa kwa hatua: 0.25, kisha 0.50, kisha 0.75, kisha 1.00. Tazama kichwa cha pistoni. Ukiona 0.50 au 50, silinda ilikwisha kuchongwa, na ringi za kawaida hazitaifaa.

Namba ya pili ni unene wa ringi, yaani kimo chake ndani ya mfereji.

Namba ya tatu ni idadi ya ringi. Pistoni nyingi zina mbili. Angalia pia umbo lake. Ringi nyingine zina mteremko upande wa juu, nyingine ni bapa. Usizichanganye. Angalia vile vile jinsi ncha zilivyokatwa ili kuingia kwenye kijipini.

Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 300, na kutoka Lindi ni kama kilometa 450. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na safari imekuwa rahisi kuliko enzi za kivuko. Hata hivyo mvua zinaweza kukata barabara, kama ilivyotokea Somanga mwaka 2024. Kuagiza kitu kisichofaa ni hasara mara mbili, kwa maana kitakwenda na kurudi.

Kwa hiyo mtu akienda Kariakoo au Gerezani, mpe pistoni ya zamani pamoja na ringi zake. Ukituma picha kwa simu, andika na vipimo. Picha peke yake haionyeshi milimita. Uliza kama pistoni na ringi zinauzwa pamoja. Silinda ikichongwa, lazima ununue vyote. Kwa hiyo nunua pistoni kwanza, kisha mchongaji aifuate hiyo.

Mjini Lindi kuna chuo cha VETA na ofisi ya SIDO. Uliza huko wapi kuna mashine ya kuchonga silinda. Usikubali silinda ichongwe kwa kubahatisha.

Wavuvi wenye mashine za boti za kuchanganya wanaijua kazi hii vizuri. Waulize ushauri. Lakini usifunge ringi ya boti kwenye pikipiki, wala usikate ringi kubwa ili iwe ndogo. Haitakuwa duara tena.

KUFUNGA

1. Fanya kazi mahali pasipo upepo wa mchanga. Ziba tundu la injini kwa kitambaa safi kisiingie kitu.

2. Safisha mifereji ya pistoni. Tumia kipande cha ringi ya zamani kukwangua masizi. Usikwangue pistoni yenyewe.

3. Pima pengo la kila ringi mpya ndani ya silinda. Kwa kawaida pengo ni karibu milimita 0.2 hadi 0.4. Kama una kitabu cha pikipiki, fuata kitabu. Pengo likiwa dogo mno, ringi ikipata joto ncha zitagongana na injini itakwama.

4. Vaa ringi ya chini kwanza, kisha ya juu. Ifungue kwa vidole gumba, kidogo tu. Herufi au alama iliyo karibu na ncha itazame juu.

5. Hakikisha ncha zimekaa kwenye kijipini. Zisiwe juu yake. Hapa ndipo wengi huvunja ringi.

6. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee upande wa bomba la moshi. Tumia klipu mpya za pini ya pistoni, na gasketi mpya.

7. Paka oili. Bana ringi kwa vidole, shusha silinda taratibu, sawasawa. Usiizungushe. Ikigoma, usigonge kwa nyundo. Iondoe utazame.

BAADA YA KUFUNGA

Kwa kilometa 500 za mwanzo usibebe mzigo mzito. Usifungue mafuta mpaka mwisho. Usiende mwendo mmoja kwa muda mrefu. Ringi na ukuta wa silinda vinahitaji kuzoeana.

Changanya oili kwa kipimo cha kitabu. Kama kipimo ni 1 kwa 20, lita 5 za petroli zinahitaji robo lita ya oili. Pikipiki yenye pampu ya oili haichanganywi kwenye tangi, lakini toa hewa kwenye pampu kabla ya kuwasha. Osha chujio la hewa mara kwa mara, likauke, kisha lipake oili kidogo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeosha chujio leo anaiokoa silinda yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini ringi za injini ya mipigo miwili zina kijipini?

2. Pengo la chini ni 0.30, la juu ni 0.42. Je, silinda hii inafaa kufungwa ringi mpya bila kuchongwa?

3. Utamwuliza fundi nini kabla hujampa fedha ya ringi?