UZI: Bomu la Hiroshima na mawe ya Katanga

1/ Siasa ikipamba moto hapa Eldoret, lazima mtu ataje nuklia na mwingine ataje madini. Kabla hatujarushiana maneno, wadau, historia kidogo.

2/ Urani nyingi ya mabomu ya kwanza ilitoka kwa jirani: mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, Kongo. Mwenyewe alikuwa kampuni ya Kibelgiji, Union Minière.

3/ 1940, bosi wake Edgar Sengier alipeleka zaidi ya tani 1,000 New York. 1942, jeshi la Marekani likanunua.

4/ Agosti 6, 1945, Hiroshima ikapigwa. Kufikia mwisho wa mwaka, watu kama 140,000 walikuwa wamekufa. Nagasaki ilipigwa Agosti 9, bomu la plutoni.

5/ Mradi ulikuwa siri. Wachimbaji Wakongo hawakuambiwa mawe yale ni ya nini.

6/ Sasa, mtu akisema kinu cha umeme ni bomu, mkatalie: vinu vingi hutumia urani iliyorutubishwa asilimia 3 hadi 5, ya Hiroshima ilikuwa karibu 80.

7/ Lakini akisema mkataba wa madini ni siri, muulize: Katanga siri hiyo ilimfaidi nani?