Betri ya Boti Haifi Ghafla: Jinsi ya Kusoma Mita Kabla ya Kung'oa Nanga

Kabla ya safari, nahodha hukagua petroli kwa kuinua tangi na jaketi za kuokoa maisha kwa kuzihesabu. Betri haikaguliki hivyo. Betri iliyojaa na betri iliyokwisha zina uzito mmoja na sura moja, na boti nyingi hung'oa nanga bila mtu yeyote kujua hali ya umeme ulio ndani.

Kwa Kaunti ya Lamu, jambo hili linagusa maisha ya kila siku. Wakazi wa Faza, Kizingitini, Siyu, Ndau na Kiwayu hutegemea boti kufika sokoni, shuleni na hospitalini mjini Lamu, na wagonjwa wengine husafirishwa usiku. Aidha, tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lizinduliwe Mei 2021, boti ndogo zinatumia maji yale yale na meli kubwa. Boti isiyo na taa usiku haionekani, na boti ambayo redio yake imekufa haiwezi kuomba msaada.

Mashine nyingi za boti ndogo huwashwa kwa kuvuta kamba, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Mashine ikiitikia kamba, nahodha huona boti iko sawa. Lakini redio, taa na pampu ya kufua maji haviwashwi kwa kamba. Vyote hivyo hutegemea betri.

Mita moja, kazi nyingi

Mita ya kazi nyingi ni kifaa kidogo chenye kioo, kinachofungwa karibu na usukani. Badala ya kuwa na mita tatu au nne tofauti, nahodha hubonyeza kitufe na kuona volti, yaani nguvu ya msukumo wa umeme. Ampea, yaani kiasi cha umeme kinachoingia au kutoka kwenye betri wakati huo. Na saa za ampea, yaani jumla ya umeme uliotumika. Baadhi ya mita pia huonyesha kiwango cha mafuta, joto la mashine na saa ambazo mashine imefanya kazi.

Ili kupima ampea, mita hutumia kipande cha chuma kiitwacho shanti, kinachofungwa kwenye waya hasi wa betri. Umeme unapopita ndani yake, mita husoma tofauti ndogo ya volti kati ya ncha zake na kuigeuza kuwa ampea. Kwa sababu hiyo, waya hasi wa kila kifaa lazima upitie kwenye shanti. Fundi akiunga pampu moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, umeme wa pampu hiyo hauhesabiwi, na mita itaonyesha akiba ambayo haipo.

Namba tatu za kukariri

Volti peke yake haina maana mpaka ujue boti ilikuwa katika hali gani iliposomwa. Namba zifuatazo ni za betri ya kawaida ya asidi ya volti 12.

Ya kwanza ni ya mapumziko. Husomwa asubuhi, mashine na vifaa vyote vikiwa vimezimwa kwa saa kadhaa. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa; 12.4 ni takriban robo tatu; 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu. Chini ya 11.9, betri hiyo imekaribia kwisha. Ni rahisi kuona 12 na kudhani mambo ni shwari kwa kuwa betri imeandikwa volti 12. Ukweli ni kwamba betri hiyo imebakisha robo.

Ya pili ni ya mashine ikienda kwa mwendo wa kawaida. Mita inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5, ishara kwamba mashine inachaji. Ikibaki 12 na pointi, betri inatumika bila kurudishiwa kitu. Ikipita 15, chaji imezidi, asidi inachemka na betri inaharibika. Hali zote mbili zinahitaji fundi. Ikumbukwe pia kwamba mashine ndogo hutoa ampea chache, na zikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa huwa hazitoi karibu chochote.

Ya tatu ni ya kuwasha, kwa boti zenye stata ya umeme. Volti hushuka mara moja kisha hupanda tena. Ikishuka chini ya 10, ama betri imechoka, ama haina chaji ya kutosha, ama viungo vya waya vimelegea.

Hesabu ya usiku mmoja

Tuchukue boti ambayo maji yamekupwa kabla haijavuka, na nahodha analazimika kutia nanga na kusubiri yajae. Mashine imezimwa, lakini taa na redio zinaendelea. Taa mbili za balbu za wati 10 hutumia pamoja karibu ampea 1.7. Redio ya VHF inayosikiliza tu hutumia takriban nusu ampea, na kifaa cha GPS kinaweza kufikisha jumla kwenye ampea 3.

Kwa saa 10, ampea 3 ni saa za ampea 30. Betri iliyoandikwa saa za ampea 70 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 35, kwa sababu betri ya asidi inayoshushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema. Kwa hiyo zimebaki 5. Pampu inayotumia ampea 3 ikifanya kazi kwa saa mbili kwa sababu boti inavuja, akiba hiyo imekwisha kabla ya alfajiri, na hapo ni iwapo betri ilikuwa mpya na imejaa mwanzoni.

Hatua rahisi ya kupunguza mzigo huo ni kubadilisha balbu na kuweka taa za LED zilizotengenezwa kwa matumizi ya boti. Paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chaji nayo husaidia boti inayokaa nangani mchana kutwa.

Redio inayosikia lakini haisemi

Hatari ambayo wengi hawaitambui ni hii: redio ya VHF inaweza kusikika vizuri ilhali betri iko karibu kufa. Kusikiliza kunahitaji umeme kidogo. Kuzungumza kwa nguvu kamili ya wati 25 kunahitaji takriban ampea 5, mara kumi ya kusikiliza. Betri dhaifu ikidaiwa kiasi hicho, volti huporomoka na redio huzimika wakati ule ule nahodha anapobonyeza kitufe kuita msaada kwenye chaneli 16.

Mita huonyesha udhaifu huo mapema. Washa taa na pampu kwa pamoja kwa dakika moja ukitazama volti. Betri yenye afya hushuka kidogo na kutulia. Ikiwa namba inaendelea kuteremka bila kutulia, betri hiyo isibebe abiria usiku. Na ikiwa tayari mko baharini na betri imeshuka, zima vifaa visivyo vya lazima, anza na nguvu ya wati 1 ikiwa kuna chombo karibu, na utunze nguvu kamili kwa wito wa kufika mbali.

Chumvi ni adui wa waya

Si kila mara volti ikishuka ni kosa la betri. Hewa ya bahari huingia kwenye viungo na kuacha unga wa kijani au mweupe, na umeme hupotea hapo. Njia ya kujua ni kuwasha taa, kusoma mita ya usukani, kisha kupima kwenye vichwa vya betri kwa mita ya mkononi. Iwapo usukani unaonyesha 12.0 na betri inaonyesha 12.5, nusu volti inapotelea njiani. Safisha viungo, kaza, na upake grisi. Waya unaodumu zaidi baharini ni wa shaba iliyopakwa bati.

Fyuzi nayo iwekwe karibu na betri. Ikikatika, tafuta sababu. Usiweke kipande cha waya badala yake. Waya uliopata moto ndani ya boti yenye petroli hauna msamaha. Kabla ya kushika betri, fungua vifuniko mvuke wa petroli utoke. Pia, betri isifunguliwe mashine ikiwa inaunguruma, kwani mfumo wa chaji unaweza kuungua.

Wenye betri za lithiamu wasitegemee volti. Betri hizo hubaki karibu na 13 kwa muda mrefu, kisha huisha kwa haraka. Kwao, kipimo cha kufuata ni saa za ampea.

Daftari la shilingi chache

Mita nzuri haisaidii kama hakuna anayeitazama. Wamiliki wa boti wanashauriwa kuweka daftari ndani ya boti, na nahodha aandike volti ya mapumziko kila asubuhi. Siku ya kwanza 12.7, ya pili 12.5, ya tatu 12.3: hakuna kilichoharibika bado, lakini betri tayari imetoa taarifa. Asiye na mita ya usukani anaweza kuanza na mita ya mkononi na daftari lilo hilo.

Vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) vinaweza kununua mita moja ya mkononi kwa matumizi ya wanachama wote na kuteua baharia wa kuwafundisha wenzake namba hizi. Abiria nao wana haki ya kumuuliza nahodha, kabla ya kupanda safari ya usiku, kama taa na redio zinafanya kazi. Nahodha aliyesoma mita yake asubuhi atakuwa na jibu.